SOMO LA MAKAZI: KUONGEZA CHUMBA CHA JIKO KATIKA NYUMBA YA ZAMANI



Tunapozunguka matawi ya Kasese na Bwera, mazungumzo ya mshahara yakiisha, mara nyingi mtu mmoja hubaki nyuma na kuuliza jambo la nyumbani kwake. Swali huwa ni lile lile: "Ndugu, nyumba ninayokaa ni ya zamani, ina vyumba viwili tu, na mama watoto anapikia barazani. Nataka kuongeza jiko. Nianzie wapi?" Somo hili ni jibu letu. Sisi si wahandisi. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, lakini tumechanganya zege kwa mikono yetu, na tumeona makosa mengi ya ujenzi, mengine yakiwa yetu wenyewe.

Nyumba tunazozungumzia mnazijua. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 na mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza kutoa mali, nyumba za wafanyakazi zilijengwa safu kwa safu katika bonde la mto Nyamwamba. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki nyumba za namna hiyo zilipimwa kwa mwanamume aliyekuja kazini peke yake, mwenye kitanda kimoja na sanduku. Jiko halikufikiriwa sana. Uchimbaji wa shaba ulisimama mwaka 1982, lakini watu wameendelea kukaa katika nyumba zile, na familia zimekua. Bwera hali ni nyingine: huko mwanachama wetu mara nyingi anakaa katika nyumba ya baba yake, au katika kiwanja alichonunua mwenyewe karibu na Mpondwe, na nyumba imeongezwa kipande kwa kipande. Tofauti hii ya Kilembe na Bwera ndiyo ya kwanza kuangalia, kabla ya kumwita fundi.

NYUMBA NI YA NANI?

Tulimjua mwanachama mmoja aliyekaa katika nyumba ya mwajiri. Kampuni yenyewe hatuitaji. Alitumia akiba ya miaka miwili kujenga jiko zuri la matofali nyuma ya nyumba ile, lenye sakafu ya simiti na mlango wa mbao ngumu. Msimamizi alipita, akaliona, akalisifu. Mwaka uliofuata kazi za watu kadhaa zilikatwa, na yeye alikuwamo. Alipewa muda mfupi wa kuhama. Aliomba kuchukua mabati na mlango, akaambiwa kwamba kilichoshikamana na nyumba ni cha mwenye nyumba. Akauliza juu ya zile sifa za msimamizi. Zilikuwa maneno ya mdomo tu, na msimamizi mwenyewe alikuwa amekwisha hamishwa. Ndugu yetu aliondoka na sigiri yake na sufuria zake.

Alichoambiwa si uongo. Kwa kawaida ya sheria, kitu kilichojengwa na kushikamana na ardhi hufuata ardhi, isipokuwa kuna mapatano mengine. Basi kama nyumba ni ya mwajiri, au umeipanga kwa mtu, usiweke hata tofali moja kabla ya kupata barua. Barua hiyo iseme mambo machache kwa maneno ya wazi: kwamba mwenye nyumba amekubali jiko lijengwe, lina ukubwa gani, nani ananunua vifaa, na ukihama utalipwa nini au utaruhusiwa kuondoa nini. Iwe na tarehe na sahihi za pande mbili. Nakala moja ibaki kwako na nyingine kwa katibu wa tawi, kwa sababu karatasi za nyumbani huliwa na panya. Risiti za matofali, simiti na mabati ziwekwe pamoja nayo. Mwenye nyumba akikataa kuandika, amekwisha kujibu, nawe weka fedha zako.

Lakini sisi wa chama tuna swali jingine: kwa nini mfanyakazi ajenge jiko la mwajiri kwa mshahara wake? Mkataba Namba 110 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba makubwa, unasema kwamba viwango vya nyumba zao viguse pia mahali pa kupikia, pa kufulia na pa kuwekea vitu, pamoja na maji na vyoo. Unasema pia kwamba mfanyakazi aliyeachishwa kazi apewe muda wa kutosha wa kuhama. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1961, lilifuata Pendekezo Namba 115 juu ya makazi ya wafanyakazi. Hilo linaonya kwamba kwa jumla si vizuri mwajiri kuwa ndiye mwenye nyumba ya mfanyakazi wake, ila pale mazingira yanapolazimisha, na kwamba hata hapo haki ya mfanyakazi ya kuwa katika chama iheshimiwe. Nchi isiyoridhia mkataba haifungwi nao, wala pendekezo si amri. Hata hivyo, tunapoketi mezani na mwajiri, si aibu kumwonyesha kwamba jiko limeandikwa katika karatasi za dunia nzima. Tawi lenye wanachama wengi katika nyumba za kampuni lilete jambo hili kama dai la wote, mtu asiende peke yake ofisini kuomba.

Upande wa serikali, Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya Uganda yote kuwa eneo la mipango, na Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 inataka kibali kabla ya kujenga. Nenda ofisi ya ujenzi ya manispaa Kasese, au ya halmashauri ya mji ulio karibu nawe, ukaulize kazi ndogo kama hii inahitaji karatasi gani. Nenda na mchoro, hata wa kalamu ya risasi. Na umwambie jirani yako pamoja na mwenyekiti wa LC, hasa kama ukuta mpya utakaribia mpaka. Ugomvi wa mpaka hula fedha kuliko simiti.

ANAYEPIKA AULIZWE KWANZA

Hapa wanaume wengi tunakosea. Tunapanga na fundi chini ya mwembe, na yule atakayekaa humo saa tano kila siku hajaulizwa. Huko Bwera tulimwona fundi amekwisha kupiga vigingi na kuvuta kamba. Mke wa mwenye nyumba akatoka, akatazama, hakusema neno. Akarudi ndani, akaleta kigoda, sufuria kubwa na mwiko, akakaa katikati ya zile kamba kama anayesonga bundu.

"Fundi," akasema, "mlango wako unafunguka wapi?"

"Unafunguka ndani, mama."

"Basi utanipiga mgongoni kila mtoto akiingia."

Fundi akang'oa vigingi viwili. Mlango ukahamishwa na kufunguka nje, na kazi hiyo ilichukua dakika kumi. Ingekuwa ukuta umesimama, ingechukua siku mbili na matofali mengi.

Fanyeni hivyo hivyo. Chora chumba chini kwa jivu au kamba, kwa ukubwa wake wa kweli, kisha mpishi aingie na vitu vyake: sigiri, mafiga kama anatumia kuni, jerikeni za maji, gunia la makaa, kinu, kabati la vyombo. Anayesonga bundu ya muhogo huhitaji kukaa chini na kutumia nguvu za mabega, kwa hiyo meko ya juu peke yake hayamfai. Anayepika chai na maharage anaweza kutaka kusimama. Jiko la mita 3 kwa mita 2.5 latosha familia nyingi, na ndilo tutakalolitumia katika hesabu za somo hili. Kama mpishi anasema halitoshi, mwamini yeye.

Jambo jingine ni dirisha la zamani. Katika nyumba za vyumba viwili, ukuta wa nyuma mara nyingi ndio wenye dirisha la chumba cha kulala. Ukibandika jiko hapo, chumba kinapoteza mwanga na hewa ya nje, na badala yake kinapokea moshi. Tumeingia katika nyumba ambamo watoto wanakohoa usiku kucha, na ukifunua pazia unakuta dirisha linalotazama ndani ya jiko. Hapo tafuta ukuta mwingine, au ulitenge jiko na nyumba kabisa. Wako wazee waliotenga jiko na nyumba ya kulala, nao hawakuwa wajinga. Kama kiwanja kinaruhusu, jiko la kusimama peke yake, lenye kipaa kifupi cha kupitia wakati wa mvua, linapunguza moshi, linapunguza hatari ya moto, na linaondoa taabu yote ya kuunganisha ukuta mpya na wa zamani.

MOSHI NA HEWA YA MAKAA

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 katika mwaka 2020, wengi wao kwa sababu ya kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa mahali pasipo na hewa. Wafanyakazi wa mgodi na wa kiwanda cha simiti wanajua vumbi linavyofanya kifua, na hudai vifaa vya kujikinga. Mke anayepikia kuni chumbani hana msimamizi wa kumdai.

Weka mlango upande mmoja na dirisha upande unaoutazama, ili upepo upite. Juu ya kuta, chini ya bati, acha matundu ya hewa yenye wavu. Kama mnatumia kuni, jengeni jiko la udongo lenye bomba la moshi, na bomba lipande juu ya paa sentimita 60 hivi. Mahali bomba linapopita katika paa, mbao zikae mbali nalo, maana mbao kavu iliyo karibu na bomba la moto huweza kuwaka baada ya miezi mingi ya kuonekana salama.

Makaa hayatoi moshi mwingi, na hilo ndilo linalodanganya watu. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kilembe usiku kuna baridi ya mlimani, na watu huingiza sigiri chumbani na kufunga mlango. Watu hufa kwa namna hiyo wakiwa usingizini. Ndiyo maana mlango kati ya jiko jipya na chumba cha kulala tunaukataa. Kama lazima mlango wa ndani uwepo, ufunguke kwenye sebule.

PAA LINALOGONGA KICHWA

Kosa hili tumeliona mara nyingi kuliko yote, na linaweza kuzuiliwa kwa hesabu ya darasa la nne. Fundi anataka kuanza upenu mpya chini ya ukingo wa paa la zamani. Pima urefu kutoka ardhini hadi chini ya ukingo huo. Katika nyumba nyingi za zamani ni kama mita 2.20. Bati linahitaji mteremko, la sivyo maji yatarudi ndani. Tuseme sentimita 20 kwa kila mita. Jiko la upana wa mita 2.5 litashuka sentimita 50. Toa 50 katika 220, zinabaki 170. Ukuta wa nje utakuwa mita 1.70, na mwanamume wa kawaida atagonga kichwa kila akiingia. Moshi nao utakaa usawa wa macho ya mpishi.

Dawa ni kujenga ubavuni mwa nyumba, mahali ukuta unapopanda kama pembetatu kushikilia paa. Huko waweza kuanzia juu. Ukianza mita 2.80, ukishusha sentimita 50, ukuta wa nje unakuwa mita 2.30, na mlango mzima unaingia. Pale bati jipya linapokutana na ukuta wa zamani, chimba mfereji mdogo katika ukuta, ingiza ukingo wa bati lililokunjwa lifunike kiungo, kisha ziba kwa simiti. Watu huacha kazi hii ndogo, halafu maji ya mvua hushuka ukutani mwaka wote.

Tahadhari moja, nayo ni kubwa. Nyumba nyingi za zamani za makampuni na za serikali katika Afrika Mashariki ziliezekwa kwa mabati ya kijivu ya asbesto, mazito, yanayovunjika kama kigae. Ukiyaona, usiyakate kwa msumeno, usiyatoboe, usiyavunje, wala usiyasugue kwa brashi. Vumbi lake huingia mapafuni na huweza kuleta ugonjwa usiopona, hata saratani, miaka mingi baadaye. Liache paa lilivyo na jenga jiko la kusimama peke yake. Fundi akikucheka, mwache acheke.

ARDHI, MTO NA MCHANGA

Bonde la Nyamwamba halihitaji kuelezwa kwa watu wa Kilembe. Mto ulivunja kingo mwezi wa Mei 2013, ukarudia 2014, ukaja tena Mei 2020, ukachukua nyumba na kuharibu hospitali. Bwera nako mto Lhubiriha hufurika. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 30 kutoka ukingo wa mto mdogo na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa. Mtu ambaye nyumba yake ya zamani imekwisha kuwa karibu na maji kuliko hapo, tunamwambia kwa uchungu: usiongeze jiko la kudumu. Fedha hiyo weka kwa ajili ya kiwanja kingine.

Walio kwenye mteremko wasikate udongo wa mlima nyuma ya nyumba ili kupata nafasi, kisha wauache wima. Mvua ya kwanza kubwa itauleta jikoni. Chimba mfereji juu ya jengo ili maji yapite pembeni, na maji machafu ya kuoshea vyombo yaende kwenye shimo lililojazwa mawe, mita tatu au zaidi kutoka msingi. Maji yakimwagwa mlangoni kila siku hulainisha ardhi chini ya msingi, na ukuta mpya huanza kulala.

Mchanga nao uchaguliwe. Mchanga wa mto uliooshwa vizuri ni mzuri. Usichukue mchanga wa mabaki ya mgodi, hata ukiwa bure na karibu. Mabaki yale yana madini ya kiberiti ambayo yakipata hewa na maji hutoa asidi. Asidi hiyo hula simiti na kuozesha nondo. Tena yana metali ambazo hatutaki ziwe vumbi mahali pa kupikia. Mchanga wa karibu na ziwa la chumvi la Katwe pia tuuogope, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kutoboa chuma. Kupima udongo katika mchanga ni rahisi: tia mchanga nusu chupa, ongeza maji, tikisa, acha hadi siku ya pili. Tabaka la matope juu likiwa nene kuliko kidole chembamba, uoshe au utafute mwingine.

KUHESABU KABLA YA KUNUNUA

Fundi akikuambia "leta matofali elfu mbili," mwulize ameyapataje. Panga matofali ya tanuri lile lile utakalonunua, chini kwenye ardhi, kwa nafasi ya kidole kati yao, mpaka yajaze mraba wa mita moja kwa mita moja. Yahesabu. Tuseme umepata 40.

Sasa kuta tatu mpya za jiko letu. Kuta mbili za upande zina urefu wa mita 2.5 kila moja na kimo cha wastani mita 2.55, jumla mita za mraba 12.75. Ukuta wa nje ni mita 3 kwa 2.30, yaani 6.90. Pamoja ni 19.65. Toa mlango 1.80 na dirisha 1.20, inabaki 16.65, tuseme 17. Mara 40 ni matofali 680. Ukuta wa msingi, urefu wa mita 8 na kimo cha sentimita 40, ujengwe kwa upana wa matofali mawili, kwa hiyo ni mita za mraba 3.2 mara 80, yaani 256. Jumla 936. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yatakayovunjika, unafika kama 1,030. Matofali elfu yaliyobaki katika ile elfu mbili yangekwenda kwenye nyumba ya nani, sisi hatusemi.

Tofali jema ukiligonga na jingine hulia kama chuma. Liloweke majini usiku kucha. Likiwa tope asubuhi, tanuri halikupata moto wa kutosha.

Zege la msingi lina urefu wa mita 8, upana sentimita 50, unene sentimita 20, yaani mita za ujazo 0.8. Kwa mchanganyiko wa simiti moja, mchanga tatu, kokoto sita, ni mifuko minne hivi. Usipime kwa koleo, maana koleo la asubuhi na koleo la jioni si sawa. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 40, upana 35, na kina 25. Sanduku hilo linachukua lita 35, ambazo ni kama mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50. Maji yawe ya kutosha kulainisha tu, kwa kuwa zege lililo kama uji hukauka likiwa dhaifu.

Kwa kupaka kuta, chokaa ya Muhokya ikichanganywa na simiti kidogo na mchanga hufanya kazi laini isiyopasuka haraka. Vaeni kitu cha macho. Chokaa huunguza.

Kasese mjini jua ni kali, na simiti hukauka juu kabla haijashika ndani. Funika kwa magunia au majani ya ndizi na umwagie maji kwa siku saba. Anza kazi Desemba hadi Februari, au Juni na Julai, ili mitaro isijae maji ya masika.

UKUTA MPYA NA UKUTA WA ZAMANI

Nyumba ya zamani imekaa miaka 60 na imekwisha kushuka kiasi chake. Jiko jipya litashuka kidogo mwaka wa kwanza. Ndiyo sababu ufa huonekana mahali pa kukutana, hata fundi akiwa mwaminifu. Chimba msingi mpya hadi kina kile kile cha msingi wa zamani, usipite chini yake. Mafundi wengine hutoboa ukuta wa zamani na kuingiza meno ya matofali. Sisi tunapenda zaidi kiungo kilichonyooka, chenye vipande vya chuma vilivyopigwa katika ukuta wa zamani na kulazwa katika udongo wa simiti kila baada ya mistari mitatu au minne. Kiungo kikifunguka kidogo, kinafunguka kwa mstari mmoja ulio wazi, na matofali yenyewe hayapasuki.

Tena sisi tunakaa katika ardhi inayotikisika. Tetemeko la Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia moja pande za Toro na ng'ambo ya Semliki, na la Februari 1994 karibu na Kisomoro liliangusha nyumba nyingi. Kwa hiyo juu ya milango na madirisha, zungusha mkanda wa zege katika kuta zote tatu bila kuukata, wenye nondo nne za milimita 10 zilizofungwa kwa pete kila sentimita 20. Dirisha likae sentimita 60 au zaidi kutoka kona. Mapao ya paa yafungwe kwenye mkanda kwa waya uliotangulia kuzikwa ndani ya zege, ili upepo wa mlimani usiyang'oe. Kwa nondo watu hupenda kupunguza gharama. Punguzeni kwenye rangi.

Kazi ikiisha, paka kipande cha plasta chenye ukubwa wa kiganja juu ya kiungo, nusu ukuta mpya, nusu wa zamani, na uandike tarehe juu yake kwa msumari. Kitazame kila mwezi. Kikipata ufa mwembamba kisha ukatulia, ziba. Ufa ukizidi kupanuka mvua hadi mvua, maji yanaingia chini ya msingi. Tafuta yanakotoka kabla ya kugusa ukuta.

SWALI LA KUJADILIWA MATAWINI

Mwanachama anakaa nyumba ambayo ukingo wa paa uko mita 2.30 kutoka ardhini. Ubavuni kuna njia ya jirani, hivyo lazima ajenge nyuma. Anataka jiko la upana wa mita 3 kutoka ukuta wa zamani, na bati litashuka sentimita 20 kwa kila mita. Ukuta wa nje utakuwa na kimo gani? Mlango wake, upana sentimita 90 na kimo mita 2, uwekwe ukuta upi na umbali gani kutoka nyumba ya zamani? Na kama ukuta huo wa nyuma ndio wenye dirisha la chumba cha watoto, mtamshauri nini? Majibu yaletwe na katibu wa tawi, pamoja na mchoro.